Benchi la Alhamisi

Hospitalini picha za matiti hupigwa Alhamisi, na foleni huanza kabla mlinzi hajamaliza chai yake. Wanawake hukaa kwenye benchi la mbao chini ya bango lililoandikwa "Wahi mapema, utapona". Mashine ni moja, mtaalamu wake mmoja, na siku ni hiyo hiyo moja. Jua likianza kuwaka dirishani mlinzi hufunga mlango, na aliyebaki nje amebaki nje.

Sheria za foleni anazijua mlinzi. Mkoba haushiki nafasi. Ndala hazishiki nafasi. Jirani hashiki nafasi. Marehemu anashika, mradi awe na undugu na yule anayemshikia. Sheria hii ilianza siku mwanamke mmoja ambaye alikuwa ameshazikwa alipofika alfajiri, akaketi, akasema anamshikia binti yake, na mlinzi hakuona sababu ya kumwondoa. Tangu hapo wamekuwa wakija, wamevaa nguo walizopangia foleni walipokuwa hai. Na tuseme kweli, marehemu ana faida zake kwenye foleni: haendi chooni, hasinzii, na hagombani na mtu.

Mmoja wao alikuwa shangazi wa msusi. Alikuwa mkali wa maneno na mwepesi wa kucheka, na duniani hakupenda kitu kama huyo mpwa wake, aliyemlea tangu anatambaa. Zamani, alipogusa kijiwe kwenye titi la kushoto, alikuja hapa hapa. Akafungiwa mlango Alhamisi hiyo, na iliyofuata, na nyingine, mpaka akaacha kuhesabu. Siku alipoingia hatimaye, daktari aliitazama picha, akavua miwani, akamuuliza, "Mama, mbona umechelewa kuja?" Shangazi akamwomba radhi. Kifo chenyewe amekwisha kukisamehe. Ile radhi ndiyo inayomuuma mpaka leo.

Kila Alhamisi alimshikia nafasi mpwa wake, na kila Alhamisi mpwa hakutokea. Si kwamba hakuambiwa. Jumatano jioni shangazi alipita saluni, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Kesho, mwanangu."

"Kesho nina vichwa vingi, shangazi. Halafu mimi siumwi."

"Hata mimi sikuumwa. Kile kitu hakiumi. Kingeuma ningeamsha mtaa mzima, si unanijua."

Msusi alicheka, akaendelea kusuka. Ukweli ni kwamba aliogopa. Siku za mwisho alimwogesha shangazi yake kwa mikono yake mwenyewe, na alichokiona hakutaka kukiona tena, hasa kwenye kioo.

Alhamisi moja shangazi alichoka kungoja kwa adabu. Aliazima simu ya mlinzi, akampigia.

"Nimewapisha watu mpaka nimekuwa wa mwisho. Unakuja, au niwatangazie humu kwamba nilikulea vibaya?"

"Shangazi, nina kichwa nusu hapa. Siwezi kumwacha mtu hivi."

"Njoo nacho."

Msusi akaja nacho. Kilikuwa cha karani wa benki, upande mmoja umesukwa mistari myembamba, upande wa pili nywele zimesimama kama zimepata habari mbaya. Karani hakulalamika. Msusi aliketi pale alipokuwa ameketi shangazi, karani akakaa chini mbele yake, na kazi ikaendelea. Benchini wanawake, wazima kwa marehemu, walikuwa wakielekezana namna ya kujipapasa: vidole bapa, taratibu, kwa duara, mpaka kwapani. Karani akaingiza mkono ndani ya blauzi. Hakukuta kitu, lakini akarudia upande wa pili.

"Hivi na mimi naweza kupimwa?"

"Kaa nyuma yangu," alisema msusi.

Zamu ilipofika, shangazi alimsindikiza mpwa wake hadi mlangoni. Msusi aliushika mkono wake, ukiwa baridi kama unavyotakiwa kuwa, na hakutaka kuuachia.

"Ingia, mwanangu. Inabana, halafu basi."

Alipotoka, mlinzi alikuwa anafunga. Karani alisimama nje, kitana kimenasa kwenye nywele.

"Alhamisi ijayo, dada," alisema mlinzi, wala si kwa ubaya.

"Una marehemu wa kukushikia?" shangazi akamuuliza karani.

"Sina. Kwetu wote wapo, hata bibi."

"Hongera," alisema shangazi, akamtazama kwa huruma.

Picha ya msusi ilionyesha kitu kidogo kama punje ya ulezi, ambacho vidole visingeweza kukipata. Kipimo kilipokithibitisha, kiliondolewa kikiwa bado kidogo vile. Daktari, yule yule wa miwani, alimwambia, "Umewahi." Msusi akalia pale pale mbele ya meza, kwa sauti. Hakuwa anajililia mwenyewe.

Alipopata nguvu, alikwenda Alhamisi kumwambia shangazi akapumzike sasa, kazi imekwisha. Alimkuta benchini, mkoba mapajani.

"Shangazi, mimi nimepona."

"Najua. Sasa nisogelee unibusu, uende zako kazini."

"Unamshikia nani tena?"

"Yule kichwa nusu wako. Tangu siku ile anafungiwa tu. Hana mtu."

Mlinzi alisikia, akaweka kikombe chini.

"Mama, sheria unaijua. Ni ndugu yako?"

"Ni ndugu yangu."

"Upande gani?"

"Upande wa nje wa mlango huo," alisema shangazi. "Tumefungiwa mlango mmoja."

Mlinzi alifikiri, akaona sheria haijavunjwa, akarudia chai yake.

Uongozi wa hospitali nao haukukaa kimya. Ulipoona jinsi marehemu walivyobanana, ulileta benchi la pili, zuri, lenye mahali pa kuegemea. Mashine ilibaki ile ile moja, na siku ikabaki Alhamisi. Shangazi alihamia benchi jipya, akaipangusa vumbi nafasi ya karani, na karani akaja mbio, nywele zote zimesukwa. Akaingia wa mwisho. Jua lilikuwa limeanza kuwaka dirishani.

Mlinzi alifunga. Kando ya mlango alikuwa amebaki mwanamke mmoja, mgeni kwenye foleni, akilisoma bango. Shangazi alimsogezea nafasi aketi.

"Na wewe, mwanangu," alimuuliza, "una marehemu?"