Goti la Vern Hruska

Mpira ulipita usawa wa magoti ya mpigaji, juu ya kibao kilicholala chini mbele yake, ukatua kwenye glavu ya Vern Hruska. Mwamuzi Tollefson, aliyesimama nyuma yake, akanyamaza. Na mwamuzi akinyamaza, si straiki, mrusho halali, ni boli, mrusho mbovu.

"Tollefson! Macho umemwazima nani leo?" alifoka mama mmoja jukwaani, soseji mkononi.

Vern, mdakaji wa timu ya besiboli ya Kessel, alirudisha mpira kwa mrushaji wake, Skoglund, nyongo imempanda. Mchana kutwa wageni wa Dunmore walipewa straiki kwa mpira ule ule wa chini. Na Kessel haikuwahi kufika mashindano ya jimbo la Minnesota tangu enzi za baba yake Vern. Sasa walikuwa mbele kwa pointi moja, amebaki mtu mmoja wa Dunmore wa kutolewa ili mchezo uishe. Lakini vituo vyote vitatu vilijaa wakimbiaji wa Dunmore, na mpigaji alikuwa na straiki mbili na boli tatu. Straiki moja zaidi, Kessel wameshinda. Boli moja zaidi, anapewa kituo bure, wenzake wanasogea, wa mbele anafunga, pointi zinalingana.

Mdakaji hamgeukii mwamuzi kumlalamikia. Akifanya hivyo mbele ya watu, hufukuzwa mchezoni. Vern alichuchumaa, akanong'ona akitazama mbele.

"Kaka Tolle, wa kwao straiki, wetu boli. Tumekukosea nini?"

"Mdakaji wao ni sungura, naona juu ya kichwa chake," ilijibu sauti nyuma. "Wewe umekaa mbele yangu kama ghala la mahindi. Nisichokiona siiti straiki."

Masikio yalimwaka Vern. Kweli, tangu goti lake la kulia liharibike, alikuwa akichuchumaa nusu tu, kichwa juu. Kumbe giza lile amelitia mwenyewe! Lakini akipiga goti, mpira ukimponyoka hataweza kuinuka kuufuata, na wakimbiaji wa Dunmore watafunga.

Akampa Skoglund ishara: chini, tena. Skoglund akatikisa kichwa. Vern akairudia kwa ukali, kisha akalishusha goti bovu mpaka mavumbini na kuinamisha kichwa. Maumivu yakampanda hadi kwenye meno.

Mpira ukaja, wa chini, mkali. Mpigaji akauacha akidhani ni boli, akatupa gongo na kuanza kwenda zake kituo cha kwanza.

"STRAIKI!" alinguruma Tollefson.

Uwanja ukalipuka. Vern hakuweza kusimama, wala hakuhitaji. Wenzake walimnyakua wakambeba mabegani, glavu juu, mpira bado umo ndani.

"Nilijua una macho, mwamuzi!" alipiga kelele yule mama.

"Nilikuwa nayo tangu asubuhi, mama," alisema Tollefson akivua kinyago. "Muulize Vern."

"Ghala limeinama!" Vern alipaza sauti kutoka juu, akicheka huku machozi yakimtoka. "Jimboni, twendeni!"