Fausta na Waini ya Gregori

Mimi sijawahi kuonja pombe ya aina yoyote, na upande huo sina hesabu ya kutoa kwa Mungu. Hata hivyo, waini anayoipenda Fausta niliigundua mimi. Yeye mwenye ulimi, tena mwenye kunywa, alikuwa hajui. Watu wa Korogwe wakisimulia habari ya posa yake hukiruka kipande hiki, ndiyo maana nimeamua kukisimulia mwenyewe.

Naitwa Mwatumu. Kwetu ni Mazingara, kule Handeni, ila nimeolewa Korogwe na biashara yangu ni juisi. Nauza ya ukwaju, ya rozela, ya ubuyu, na ya embe msimu ukifika. Mlango wa pili ni chumba cha Fausta, fundi cherehani, anayeshona sare za shule na magauni ya harusi za watu wengine. Mumewe alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Miaka yote hiyo amekuwa akija kwangu saa nne asubuhi, anaagiza ukwaju wa baridi bila sukari, anaunywa amesimama, anarudi kwenye cherehani yake. Nikimtilia sukari hata kijiko kimoja, ananirudishia glasi bila kusema neno.

Kisha akaja Gregori.

Gregori ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha mkonge huko Ngombezi. Babu yake aliletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge, na familia ikabaki kwenye nyumba za kambi mpaka leo. Ni mgane, mrefu, mpole, na mashati yake yamepigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Kila Jumapili baada ya misa alimpeleka Fausta kwenye bustani ya baa moja pale barabarani, na kabla mwenzangu hajakaa vizuri, Gregori alishaita mhudumu na kuagiza waini nyekundu tamu, "ya mama." Elimu yake yote ya waini aliipata utotoni, alipokuwa mtumishi wa altare na akaiba funda moja nyuma ya sakristia. Ile ilikuwa tamu. Basi akajua waini ni tamu, na akajua wanawake wanapenda vitamu, akafunga kitabu.

Jumatatu moja Fausta alikuja kwangu ameshika kichwa.

"Waini ya jana ilikuwaje?" nilimwuliza.

"Nzuri."

"Kama ni nzuri, mbona unaongea kama mtoto aliyenyweshwa dawa ya minyoo?"

"Niache, Mwatumu. Ni nzuri. Ni tamu."

"Ukwaju wangu nikiutia sukari unanirudishia."

"Wewe ni muuza juisi. Yule ni mtu ananinunulia."

Nikaendelea kumchokoza, maana mimi nikianza sina breki, mpaka akaweka glasi mezani. "Miaka kumi na moja hakuna mtu aliyeniagizia kitu," akasema. "Amepatikana mmoja, nianze kumkosoa? Akiniona mwanamke wa maneno mengi, akaacha kuja, nitakwenda wapi?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nilikuwa na utani mwingine mdomoni, nikaumeza.

Hali hiyo ilikwenda miezi minane. Mwezi wa tisa Gregori akatuma mshenga, mzee Semboja, na siku ya posa ikapangwa. Fausta alifurahi siku moja nzima. Siku ya pili akaja kwangu amepauka.

"Analeta katoni," akasema. "Ile ile nyekundu. Katoni nzima."

Hapo nikaelewa. Ukoo wa baba yake Fausta, wa Kwashemshi huko milimani, una desturi yake. Wageni wa posa huleta kinywaji. Zamani ilikuwa dengelua, pombe ya miwa, ndani ya kibuyu; siku hizi huletwa bia, soda, chochote. Anayeposwa huonja wa kwanza mbele ya watu, na shangazi yake hukaa mkabala naye akimtazama usoni. Uso ukiwa mkunjufu, amekubali. Akiukunja, wageni hubeba kinywaji chao wakaondoka, wala hakuna kuulizana. Shangazi mwenyewe ni Bibi Emiliana, mwenye miaka themanini, anayetunga uzi kwenye sindano bila miwani. Aliwahi kurudisha wageni waliotoka Muheza kwa sababu binti alikunja uso. Baadaye ikajulikana kwamba binti alikuwa na jino bovu. Bibi hakubadili uamuzi.

"Mwambie Gregori alete nyingine," nikasema.

"Ipi?"

Mwanamke amekunywa waini miezi minane na hajui nyingine ipo vipi.

Jumamosi mchana tulifunga biashara mapema. Fausta alikwenda dukani kwa Godlisten, anayeuza vinywaji vya jumla, akarudi na chupa nne kwenye mfuko mweusi wa kitambaa: nyekundu tamu, nyekundu kavu, nyeupe tamu na nyeupe kavu. Kavu maana yake haina sukari, ndivyo Godlisten alivyomweleza. Mimi nilisema kitu chenye majimaji kinaitwaje kikavu, lakini hakuna aliyenisikiliza. Nyeupe tulizitia kwenye friji yangu, nyuma ya madumu ya juisi, nikaomba mume wangu asije akafungua kutafuta maji.

Tulikaa chumbani kwake, kati ya sare za bluu. Yeye alishika glasi, mimi nilishika daftari na kalamu. Kwanza ile anayoifahamu.

"Niambie."

"Nzuri."

Nikatupa kalamu. "Fausta, nzuri ni jibu la mgeni aliyekula ugali mbichi kwa watu. Mimi si mwenyeji wako. Inafanana na nini?"

Akafikiri. "Inafanana na sharubati ya rozela uliyosahau jikoni. Inanata kwenye meno."

"Haya. Hayo ndiyo maneno." Nikaandika.

Nyekundu kavu ilimfanya alambe midomo. Alisema inakausha ulimi kama ndizi mbichi, kama chai iliyochemka mpaka ikasahaulika. Nilitaka kuipiga mstari, akanizuia. Aliagiza mishikaki kwa jirani, akala mmoja, akaonja tena, akastaajabu. "Pamoja na nyama inakubalika," akasema. "Peke yake hapana." Nikaandika vyote viwili, maana mtu anaruhusiwa kumpenda ndugu kwenye sherehe tu.

Nyeupe tamu ilimkumbusha embe lililopitiliza. Akaisogeza mbali kwa kidole kimoja.

Ya nne ilitoka kwenye friji chupa ikitoka jasho. Alionja. Akaonja tena. Mabega yake yakashuka, na mimi nimekaa jirani na mabega yale miaka mingi, huwa hayashuki.

"Inafanana na nini?" nikauliza.

"Ndimu," akasema polepole. "Na pera bichi. Na kama vile... Mwatumu, si inafanana na ukwaju wako?"

Nilicheka mpaka nikaangusha daftari. Miaka kumi na moja ananiambia kila siku saa nne anachokipenda: kichachu, baridi, bila sukari. Hapakuwa na haja ya chupa nne. Yangetosha masikio mawili, na Gregori anayo, tena makubwa.

"Sasa unajua. Mwambie."

Fausta akatikisa kichwa. Alikuwa na mpango mwingine, na ulikuwa mpango wa kijinga kuliko wote niliowahi kuusikia. Angefanya mazoezi. Kwa wiki nzima, kila jioni, alisimama mbele ya kioo anachojaribishia wateja magauni, akamimina kidogo nyekundu tamu, akatabasamu, akanywa, akabaki ametabasamu. Siku za mwanzo alionekana kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kufikia Ijumaa tabasamu lilikuwa limekaa sawa, na kama singemjua ningeamini. Nilimwambia ukweli, kwamba alikuwa anajishonea gauni la kuvaa maisha yote na linambana. Alisema nikae upande wa juisi.

Nikakaa upande wa juisi. Siku ya posa, nyumbani kwa kaka yake, mimi ndiye niliyehudumia Waislamu na wasiokunywa, na nilihakikisha meza yangu iko mahali pa kuona vizuri. Wageni walifika saa nane mchana. Gregori alivaa suti ya kijivu, akakaa nyuma ya mshenga wake kama inavyotakiwa. Mzee Semboja akazungumza kwa mafumbo ya kondoo aliyepotea mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Katoni ikafunguliwa. Fausta akaletwa na wifi zake, akapiga magoti, akapewa glasi. Bibi Emiliana akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

Fausta akatabasamu. Akainua glasi, akanywa, akameza. Tabasamu halikutikisika hata kidogo. Wifi zake wakavuta pumzi wapige vigelegele.

"Ngojeni," alisema Bibi Emiliana.

"Huyu ametabasamu kabla hajaonja," alisema Bibi. "Nimeangalia nyuso za wanawake wa ukoo huu tangu kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Sijaona uso unaofurahia kitu ambacho mdomo haujakijua. Fausta mwanangu, nani amekulazimisha?"

Mzee Semboja, mtu wa kufuata taratibu, aliinama na kuanza kurudisha chupa kwenye katoni, moja moja. Gregori hakuwa na la kufanya, si ruhusa mposaji kusema, ila uso wake ulisawijika, nami nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza. Alidhani amekataliwa. Maneno yote nilikuwa nayo, yamenijaa kinywani, na nikaushikilia mtungi wa ukwaju kwa mikono miwili nisije nikayasema, maana hayakuwa yangu.

Chupa ya nne ilikuwa inaingia kwenye katoni.

"Gregori namtaka," Fausta akasema. Alisema taratibu, kisha akarudia kwa nguvu. "Shangazi, mwanaume namtaka. Waini yake ndiyo siitaki. Inanata. Inaniumiza kichwa. Sijawahi kuipenda hata siku moja."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakanyagwa mguu. Gregori alisimama, ruhusa au si ruhusa.

"Miezi minane?" aliuliza.

"Miezi minane."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaacha kuja."

Gregori akasogea hatua moja. Masikio yale makubwa sasa yalikuwa yanasikiliza. "Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza," akasema. "Kila Jumapili nilikuuliza kama ni nzuri. Sikukuuliza unataka ipi." "Unataka ipi, Fausta?"

"Nyeupe," akasema. "Isiyo na sukari. Iwe ya baridi."

Mposaji hatoki ndani mpaka posa iishe, hilo kila mtu analijua. Wote tukamgeukia Bibi Emiliana. Bibi akakuna kidevu. Akasema dengelua ikimwagika njiani zamani wageni walikuwa wanarudi kuchukua nyingine, na kwamba hii kwa maoni yake ilikuwa imemwagika. Gregori akapita mbele yangu karibu anakimbia. Pale mlangoni akaniinamia. "Mwatumu, wewe unajua ni ipi. Nisaidie."

"Siijui," nikamjibu. "Kamuulize mwenye kinywa."

Tulimsubiri karibu saa nzima. Watu walikunywa juisi yangu yote. Aliporudi, suti ilikuwa na vumbi magotini na amebeba ndoo ya barafu kifuani. Ndani mlikuwa na chupa tatu za nyeupe kavu, kila moja na lebo yake. Godlisten alimwambia hazifanani, naye hakutaka tena kukisia.

Akafungua ya kwanza, akamimina, akapiga magoti yeye badala ya kusimama, akampa. Fausta akaonja. Safari hii hakutabasamu wala hakukunja uso. Alikuwa anafikiri, basi. Bibi Emiliana alishikwa na butwaa kidogo, maana uso wa namna hiyo hakuwa na sheria yake.

"Hii hapana," Fausta akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya ukoo mzima.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, na sioni haya kusema. Gregori akaiweka ile chupa pembeni, akaifuta ya pili barafu kwa mkono wa suti yake, na kuanza kuifungua.