Muhuri wa Vunitiri

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi Torika Baleiwai alikuwa ameinama nyuma ya ofisi, anaosha tope kwenye mabuti ya watu wengine. Jozi tatu. Yake alikwisha kuyaosha. Kampuni ile ya ushauri wa mazingira ilikuwa na wataalamu watatu na yeye mmoja, na kazi waligawana hivi: yeye aliingia kwenye mikoko akapima miti, akachota tope, akahesabu mashimo ya kaa, wao wakasimama ukingoni, kisha wakaandika ripoti na kuitia sahihi. Kutia sahihi kulitaka shahada ya uzamili. Tope halikutaka shahada yoyote.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu Jumanne, na kwa kuwa hapa ni Suva, Fiji, hakuna aliyeitaja. Simu ikalia mfukoni. Torika akaipokea kwa vidole viwili.

"Torika Baleiwai? Hapa ofisi ya ufadhili. Maombi yako yamerudishwa, hayajakamilika. Mwisho ni leo saa kumi jioni."

"Hayajakamilika nini?"

"Njoo dirishani," sauti ikasema, na simu ikakatwa.

Buti la bosi wake, Bwana Hollis, likamponyoka na kuanguka ndani ya ndoo. Ufadhili ule wa shahada ya uzamili ulilipa ada ya miaka miwili na posho ya kujikimu, nao ulikuwa na nafasi mbili tu kwa visiwa vyote. Mwaka juzi walimwambia barua ya mdhamini wake imechelewa siku moja. Mwaka jana walisema bajeti yake haikupangwa kwa jedwali lao. Na sharti la umri lilikuwa wazi: mwombaji awe chini ya miaka thelathini na miwili. Torika angeitimiza hiyo Novemba. Mwaka huu ukimpita, angeosha mabuti mpaka azeeke.

Akaenda kuomba ruhusa. Bwana Hollis, mkuu wa kampuni, mtu wa Brisbane aliyekaa Fiji miaka tisa na bado anaishangaa mihogo, alikuwa anakunywa kahawa yake.

"Leo? Na sampuli za maabara?"

"Nimeshaziandika majina, bosi. Zinasubiri dereva tu."

"Saa sita uwe umerudi."

"Sawa, bosi," Torika akasema, na huku ameshavua aproni.

Ofisi ya ufadhili ilikuwa na madirisha manne, na lililofunguliwa ni moja. Alipewa namba arobaini na sita. Walikuwa wanahudumia kumi na tisa. Alikaa pale mpaka saa saba na nusu, amebanwa kati ya kijana mwenye bahasha iliyolowa na mama aliyekuwa amesinzia wima. Kila aliyetoka dirishani alitoka na karatasi zilezile alizoingia nazo.

Bi Unaisi, karani, alikuwa mama wa makamo mwenye ua sikioni na gauni la maua, maana Ijumaa watu wa maofisini hapa huvaa maua. Alilisukuma faili la Torika chini ya kioo, kidole kikiwa juu ya mstari.

"Kipengele cha kumi na nne. Soma mwenyewe ulichoandika."

Torika akasoma. *Ridhaa ya wenyeji wa eneo la utafiti.* Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Haihitajiki. Mimi ni mpwa wao.*

"Si ni kweli?" akauliza.

"Najua ni kweli. Mimi mwenyewe nina wajomba kisiwani Kadavu. Nikifika nakamata kuku bila kumsalimia mtu. Lakini walioisoma fomu yako wako ng'ambo, mwanangu. Angalia walivyoandika hapa pembeni: 'Mpwa ni nani, na ana cheo gani?'"

"Wangeniuliza!"

"Ndiyo wanakuuliza. Leo." Bi Unaisi akashusha pumzi. "Sikiliza. Mimi naelewa, wewe unaelewa. Fomu haielewi. Mkuu wa kijiji ajaze hii barua, apige muhuri. Saa kumi kamili nafunga dirisha, na nikishafunga hata mama yangu simfungulii."

Kosa la Torika halikuwa la uvivu. Utafiti wake ulikuwa wa mikoko ya Vunitiri, kijiji cha mama yake. Kwetu mtoto wa dada hakatazwi kitu kijijini kwa mama yake. Akitaka mkeka, anaubeba. Akitaka nguruwe, anamfunga kamba, na mjomba anamsukuma nguruwe kwa nyuma. Mpwa anayebisha hodi na kuomba, amewatukana wajomba zake. Amewaambia kwamba wao na yeye hawajuani. Asingeweza kuandika vinginevyo kwenye kile kipengele, kama vile usingeweza kuandika kwamba umepewa kibali cha kulala kwenu.

Sasa ilimbidi aende kuomba. Alitembea hadi sokoni, kwa mjomba Sakiusa.

Sakiusa alikuwa mkuu wa kijiji cha Vunitiri mwaka wa kumi na moja sasa, na kila Ijumaa alikuwa sokoni na kaa wake, wamefungwa miguu kwa ukindu. Muhuri wa kijiji alitembea nao ndani ya kopo la aiskrimu. Aliwahi kuuacha nyumbani wiki moja, akarudi akakuta nusu ya kijiji wamejiandikia barua za kutohudhuria mkutano.

"Mpwa wangu!" akapaza sauti alipomwona. "Chukua kaa. Chukua yule mkubwa, ana hasira, ndiye mtamu."

"Asante, mjomba, sina haja leo."

Meza ya pili, Bi Kamla, muuza pilipili na bamia aliyekaa jirani naye miaka yote hiyo, akageuza kichwa. "Eh! Mpwa anakataa kaa? Hapo kuna jambo."

Torika akaeleza yote, haraka, bila kumtazama mjomba usoni. Ufadhili, umri, kipengele cha kumi na nne, saa kumi. Kisha akampa ile barua. Sakiusa akafuta mikono, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ndogo: "Mimi, mkuu wa kijiji cha Vunitiri, ninamruhusu mwombaji..." Akaishia hapo. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna maneno mengine, hakuna.

"Ninamruhusu," akarudia. "Torika. Mama yako tulimzika wapi?"

"Vunitiri, mjomba."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Torika alitamani sakafu ya soko ipasuke.

"Wajomba zako wengine wakisikia nimemruhusu mtoto wa dada yetu Laisa kama wanavyoruhusiwa watalii, nitauficha wapi uso huu? Kila nikikaa na wenzangu kunywa kava watanicheka mpaka nife, na kwenye matanga yangu watacheka pia."

"Sakiusa, mtilie mtoto sahihi," Bi Kamla akasema. "Wateja wako wamesimama."

"Wewe uza pilipili."

"Pilipili zangu hazina kiburi kama kaa wako."

Lakini Sakiusa hakuwa akitania tena. Aliiweka barua mezani kwa uangalifu, mbali na maji. "Karatasi ya mwisho niliyotia sahihi yenye neno hili ilikuwa ya wachimba mchanga. Walisema wanapima tu. Ikaja ripoti: mikoko ya upande wa mashariki haina thamani kubwa. Wakaing'oa. Sasa kaa nawafuata nusu siku. Nikaapa, neno hilo kalamu yangu hailiandiki tena."

"Ile mikoko niliipima mimi," Torika akasema.

Mjomba akamtazama.

"Siku kumi na mbili, mjomba, nikiingilia upande wa barabara, mbali na kijiji, tope hapa kifuani. Nilihesabu miti, nilihesabu mashimo ya kaa, niliandika ni mikoko yenye afya kuliko yote ya mdomo wa mto. Bwana Hollis akaondoa kurasa zangu. Hakushuka kwenye gari hata siku moja, alisema kuna mbu. Lakini yeye ndiye mwenye shahada, sahihi ni yake."

"Na jina lako?"

"Halimo. Hata mwisho kwenye shukrani halimo." Alikuwa ameifunga habari hiyo moyoni miaka miwili, akiona haya kama mwizi. "Ndiyo maana naitaka hii shahada. Siitaki kwa sababu ya cheo. Nataka nikipima kitu, kibaki nilivyokipima."

Alilia pale pale, mbele ya kaa na wateja, akifuta machozi kwa mkono ambao bado ulinuka tope. Bi Kamla akamletea chapati ya viazi iliyofungwa kwenye gazeti na kumwambia ale kwanza, kilio kikae. Saa ya sokoni ilionyesha saa nane na robo.

Sakiusa akamngoja amalize kula. Kisha akavua miwani.

"Sahihi siweki. Hilo limekwisha."

Akalifungua kopo la aiskrimu. Akatoa muhuri, akautua mezani. Akatoa kibati cha wino, akakifungua, akakitua kando yake. Halafu akageuka ukutani na kuanza kumwosha kaa ambaye alikuwa safi kabisa.

"Mjomba wako ni maskini," akauambia ukuta. "Vitu vyangu ni vichache. Vyote viko hapo mezani."

Torika alisimama anautazama mgongo wake.

"We binti, umelala?" Bi Kamla akamnong'oneza, mnong'ono wa watu wa sokoni, uliosikika mpaka kwenye meza za magimbi na mihogo. "Chukua!"

Ndipo akaelewa. Akaunyanyua muhuri, akauchovya, akaupiga kwenye barua kwa nguvu zote mpaka meza ikatikisika na kaa wakatapatapa. Kisha akautia kwenye mkoba wake pamoja na kibati cha wino, maana alichochukua mpwa hakirudishwi mezani.

"Nimeporwa!" Sakiusa akapiga kelele, na uso aliougeuza ulikuwa unacheka wote. "Kamla, umeona? Mchana kweupe! Mtoto wa Laisa kanipora!"

Foleni ya ofisi ya ufadhili ilikuwa imepungua, kwa kuwa wengi walikata tamaa. Saa tisa na dakika arobaini Torika alifika dirishani, amelowa chapachapa, barua ikiwa kavu ndani ya mfuko wa nailoni.

Bi Unaisi akaisoma. "Sahihi iko wapi?"

"Hawezi kutia. Kwa sababu ya lile neno."

"Ninamruhusu." Bi Unaisi akaguna. "Hata mimi ningekataa. Na muhuri kapiga nani?"

Torika angeweza kudanganya. Ulimi ulikuwa tayari. "Mimi. Niliuchukua."

Karani akavuta simu ya mezani, akabonyeza namba ya Sakiusa iliyokuwa chini ya barua. Sauti ya Sakiusa ikasikika mpaka nje ya kioo. Haongei kwenye simu bila kupiga kelele.

"Mzee, kuna binti hapa amechukua muhuri wako."

"Amechukua."

"Una pingamizi?"

"Pingamizi na mpwa wangu? Wewe ni mtu wa wapi?"

"Kadavu."

"Basi unaniuliza nini?"

Bi Unaisi akakata simu. Akachukua kalamu na kuandika pembeni, kwa herufi kubwa ili ng'ambo waisome vizuri: *Mkuu wa kijiji amehojiwa kwa simu. Hana pingamizi.* Akagonga IMEPOKELEWA. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika saba.

"Majibu baada ya wiki nane," akasema, kisha akainamia kioo. "Mimi sikukwambia kitu, sawa? Lakini nafasi ni mbili, na maombi yaliyokamilika ni mawili. La kwako ni la pili. Wengine wote wamebwagwa na fomu."

Alishika ukingo wa dirisha, akacheka, akataka kumbusu yule mama kupitia kioo. Ahueni ile ilikuwa tamu, na ilikuja na kidonda: aliona lile benchi, yule kijana wa bahasha iliyolowa hayupo tena, na akajua kwamba yeye amepita kwa sababu tu mjomba wake anauza kaa mjini siku ya Ijumaa. Lakini alikuwa amepita. Alitoka akatembea kwenye mvua polepole, kama mtu asiye na mahali pa kuwahi.

Ofisini Bwana Hollis alikuwa anafunga kompyuta.

"Nilisema saa sita."

"Foleni, bosi."

"Haya. Sikia, nina habari njema. Mteja wetu wa mchanga anataka eneo la pili. Vunitiri, upande wa magharibi. Jumatatu twende wote, wewe unajuana nao. Tunahitaji muhuri wa mkuu wa kijiji tu, kazi ya dakika tano."

Mkoba ulikuwa begani kwa Torika, na muhuri ulimbonyea ubavuni. Posho haijafika, wiki nane bado, na kazi hii ndiyo iliyomlisha.

"Kijijini hakuna muhuri, bosi."

"Hakuna? Umekwenda wapi?"

"Umechukuliwa. Na mpwa wao."

"Si aurudishe?"

"Mpwa harudishi. Na mjomba hawezi kumdai. Ndiyo desturi."

Hollis akakuna kidevu. Miaka tisa ilikuwa imemfundisha kuiheshimu desturi pale isipomgharimu. "Basi tumwombe sisi huyo mpwa. Anaombwaje?"

Torika akafikiri kidogo.

"Kwa maandishi. Barua ya ridhaa ya kijiji."

"Rahisi. Nitaichapa mwenyewe."

"Lakini lazima iwe na muhuri wa kijiji, bosi. Bila muhuri haipokelewi."

Bwana Hollis akaandika yote kwenye daftari lake, akalipigia mstari neno muhuri, akamshukuru.