Mkono wa Bingwa

Wote mle chumba cha upasuaji walikuwa wanajua, na hilo ndilo lililomtia msichana baridi kuliko mashine ya kupoza hewa.

Shule ilikuwa imempeleka afuatane na daktari mpasuaji kwa wiki nzima, aone kama udaktari anauweza. Hospitali yote ilimwita daktari huyo Bingwa. Siku ya kwanza msichana alimtazama mdomo wazi. Siku ya pili akaanza kuutazama mkono. Ule wa kulia ulitetemeka. Bingwa alipousogeza kwenye ngozi ya mgonjwa, daktari msaidizi alijipenyeza kwa adabu, "Mzee, niruhusu nimalizie hapa," na kisu kikahamia kwake. Sista akaikodolea macho mikasi. Mtu wa dawa ya usingizi akaikodolea macho mashine yake. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyobebwa miaka nenda miaka rudi, na anayelipa gharama amelala hajitambui.

Siku ya tatu msaidizi hakuonekana.

"Kahamishwa," sista alisema akinawa. "Mdomo umemponza. Eti alimwambia mkuu wa hospitali kwamba mzee apumzike. Wewe macho yako yaache mlangoni. Barua ya kukuombea chuo si unaitaka?"

Aliitaka sana. Angeandikiwa na Bingwa mwenyewe.

Na mgonjwa wa kwanza siku hiyo alikuwa shangazi yake.

Shangazi alinadi mitumba sokoni. Kwa sauti hiyo alimlea msichana, mtoto wa kaka yake, tangu kaka alipofariki, akamvisha sare na viatu. Sasa shingoni pameota uvimbe wa kujaa ngumi, na nyuma ya uvimbe, Bingwa alikuwa ameeleza, hupita neva nyembamba kama uzi. Kisu kikiteleza hapo, sauti imekwenda.

Asubuhi msichana alimwinamia kitandani. "Shangazi, tuahirishe. Mkono wake unatetemeka."

"Hebu nyamaza! Huyo kapasua mawaziri, atashindwa na muuza mitumba? Soko zima nimelitangazia kwamba mwanangu atakuwa ndani na Bingwa, halafu wewe unaniletea mkosi!"

Wakamlaza mezani, taa ikawashwa. Shangazi akamtania mtu wa usingizi: "Ukinilaza ukumbuke kuniamsha, baba. Jumamosi nina mnada."

Hakucheka mtu.

Bingwa aliingia, akatazama mahali alipozoea kusimama msaidizi. Kisha akamgeukia msichana kwa upole uliotisha kuliko ukali.

"Binti, njoo karibu. Utanishikia kiwiko. Kaza tu, usiulize maswali. Sista, mvalishe."

Sista akamvalisha glovu bila kumwangalia usoni. Msichana akashika. Kiwiko kilimpigapiga ndani ya vidole kama ndege aliyenaswa, na hapo akaelewa kwamba tangu leo na yeye ni mmoja wao.

Akaachia.

"Shangazi, tazama mkono wake! Utazame mwenyewe!"

Dawa ya usingizi ilikuwa bado haijaingia. Shangazi akageuza kichwa. Bingwa alichelewa kuuficha.

"Niteremsheni," shangazi akasema.

"Mama, tulia kidogo..." sista akaanza.

"Niteremsheni, nimesema! Mnanifunga kamba?"

Wakamteremsha. Msichana alivuliwa glovu akasukumwa nje, na sista akamnong'oneza, "Umejimaliza, mwanangu." Shangazi alimkamata mkono, uvimbe ungali pale pale shingoni, na hakuna aliyewaambia waende wapi nao.

Koridoni walipishana na kitanda cha magurudumu. Juu yake mzee mmoja, peke yake, keshachomwa sindano ya kumtuliza, anatabasamu kilevi.

"Mjukuu wangu," akamwambia msichana, "zamu yangu imewahishwa. Bahati iliyoje!"

"Babu, shuka! Usiingie humo, shuka!"

Msukuma kitanda akaongeza mwendo. Mlango ukajifunga, taa nyekundu ikawaka juu yake. Msichana akaupiga kwa ngumi zote mbili, na watu waliokaa kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa wakaanza kunung'unika.

"Mtoeni huyo mtoto," mmoja akasema. "Anamsumbua Bingwa wetu."