Cherehani Zisizo na Uzi

Cherehani ya Bi Kola ilitiwa mafuta na kufutwa mpaka ikang'aa, ila uzi haikutiwa. Msimamizi alisema uzi utachafua sakafu, na mgeni rasmi yu njiani.

Miaka yote alishona kola katika kiti kile cha kiwandani, hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Mashati yalipoanza kuletwa yakiwa tayari kwenye makontena, alirudishwa nyumbani pamoja na wenzake. Leo wameitwa kwa siku moja tu, wavae sare na kukanyaga pedali.

"Mgeni akifika kwako, inua hili," meneja alimwambia, akimpa shati lililotolewa kwenye boksi muda ule ule. "Sema mmelishona hapa. Ukisema vizuri, wewe na wifi yako nitawabakiza ghalani, mbandike nembo."

"Mashine ya kubandika nembo si imeshafika?"

"Mama, maswali ya nini? Wewe sema tu."

Wifi yake, mshona vifungo, akamfinya. "Wifi, mezea. Watoto watakula ukweli wako?"

Bi Kola akaligeuza shati. Lilishonwa vizuri, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Mgeni akaingia na wapiga picha wake. Cherehani zikanguruma, zikishona hewa.

"Hongera, mama! Hili mmelishona hapa?"

Meneja akatabasamu hadi magego.

"Hapana, mheshimiwa." Sauti ya Bi Kola ilizishinda cherehani zote. "Limekuja kwenye kontena. Sisi tumeitwa leo tukuigizie. Tazama sindano yangu, haina hata uzi."

Wifi yake akatoa mguu kwenye pedali. Mshonaji wa pili akatoa, kisha safu nzima ikanyamaza. Bi Kola akainuka kitini.

Meneja akapiga makofi. Watu wa ofisini, walioambiwa wampigie makofi mama akimaliza kusema, wakapiga pia, tena kwa nguvu.

"Safi sana!" mgeni akasema. "Wanawake majasiri kama huyu ndio nguzo ya viwanda vyetu."

"Hukunisikia, mheshimiwa?"

Alikuwa amesikia. Akaushika mkono wa Bi Kola, shati likiwa bado mkononi, akauinua juu na kugeukia kamera. Bi Kola akafungua vidole. Shati likaanguka sakafuni, lakini picha ilikuwa imeshapigwa.