Kopo la Awuor

Tangu serikali iruhusu zahanati za watu binafsi, mtaa wetu wa Mkuyuni ulijaa makoti meupe. La Mbaruku lilikuwa jeupe kuliko yote. Alichoma misuli kwa sindano nyembamba zisizo na dawa ndani, na watu walitoka kwake wakinyoosha migongo.

Dada yangu Awuor alitaka kutibiwa bega tu. Likikaza, hakuweza kubeba beseni la samaki, na tangu shemeji Okech afariki, beseni hilo ndilo lililotulisha. Ugonjwa uliomuua mumewe ulikuwa ndani yake pia, umekwisha kuila kinga ya mwili. Hata kidonda cha mwiba wa sato kilimsumbua mwezi mzima.

Hakuficha. Alimweleza Mbaruku yote, mlango ukiwa umefungwa, mimi nikiwa ubavuni.

"Kwa mwili kama wangu, dokta, sindano hizi ni salama?"

"Ondoa shaka, mama. Nakuwekea sindano zako kwenye kopo lako peke yako." Akalifunga utepe mwekundu. "Hakuna mwingine atakayeguswa nazo."

Awuor alitoka akitabasamu. Kwa wakwe zake alitengewa sahani na kikombe kwa kuchukiwa. Huyu alimtengea kwa heshima.

"Unaona, Akelo? Kuna watu waliolelewa."

Alipochomwa mara ya tatu, bega lilivimba, likawa la moto kama chungu cha mekoni. Hospitalini walipasua. Usaha ukatoka, homa haikutoka. Sumu ilishaingia kwenye damu. Nesi Bernadeta akaniuliza, "Aliyemchoma alizichemsha sindano?"

Nikaenda kuuliza. Nilimkuta Mbaruku mbele ya sufuria inayotokota, sindano zikicheza ndani.

"Hizi nachemsha kila siku," alisema. "Mimi si mchafu."

"Na za kopo la utepe mwekundu?"

"Zile ni za dada yako tu. Nizichemshe za nini? Zingemwambukiza nani?"

"Yeye."

"Lakini yeye tayari anao."

Hakusema kwa ukatili. Alisema kama anayenikumbusha kwamba maji hulowesha. Kopo lilikuwa dirishani, utepe umefungwa vizuri, kifuniko kimeshika kutu.

Niliporudi wodini, Awuor aliniita kwa macho. Mkono haukunyanyuka tena.

"Umemwona dokta? Mwambie asimpe mtu sindano zangu."

"Hatampa mtu, dada," nikamjibu. "Ni zako peke yako."