Eda ya Wahiba

Tangu nipate akili zangu sijaweza kumvumilia mtu mzito. Karakana yangu iko Keko, kando ya barabara, makochi na vitanda vimepangwa nje vinapigwa vumbi tangu asubuhi, na mteja wa pale hana subira. Ukimwambia Jumamosi, akaja Jumamosi akakuta mbao bado zimelala, anavuka kwa jirani. Kwa hiyo nimezoea kwenda mbio, na anayenichelewesha namkaripia. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani najitetea. Nilimwacha mke mgonjwa nikidhani ni mvivu, na nilikuwa na karatasi ya hospitali iliyonipa nguvu ya kufanya hivyo.

Mke wangu aliitwa Wahiba, binti wa marehemu Mzee Hilal, Mwarabu aliyekuwa na duka la mchele na manukato Kinondoni. Mimi ni Mzaramo wa Temeke, baba na mama, na mzee alinizungusha mwaka mzima kabla ya kukubali posa. Alipokubali nilipata mke na nilipata fundi. Wahiba alikuwa anashona vitambaa vya makochi yangu pale nyumbani Tandika, na mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Nikipeleka vipimo asubuhi, jioni nakuta foronya zimekunjwa, zipu zimekaa sawa, na yeye ananicheka kwamba mimi ndiye ninayechelewa. Mtoto hatukujaliwa, lakini tuliishi vizuri miaka sita.

Kisha likamtoka rovu shingoni. Lilianza kama uvimbe mdogo, likakua hadi mtandio ukawa haulifichi. Madaktari wakaikata tezi yote ya shingo, wakampa kidonge kidogo cheupe cha kumeza kila asubuhi kabla ya chai, maisha yake yote. Wakasema kidonge kitafanya kazi ya tezi. Mimi nikafurahi, nikajua yameisha.

Hayakuisha. Mwezi wa pili baada ya upasuaji Wahiba akaanza kuvaa sweta. Ilikuwa Januari, Dar inachemka, mie nalala kifua wazi na yeye amejifunika blanketi. Sauti ikawa nzito kama ya mtu aliyetoka usingizini. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Unamwita mara tatu ndipo anageuka, na akigeuka amesahau ulichomwambia jana. Akaanza pia kulalamika mambo ya kike, kwamba damu inamjia ovyo, haifuati tena mwezi. Nikamkatiza. Nikamwambia hayo akazungumze na mama yake, mie si yangu.

Nilimpeleka kupima damu mara tatu. Mara zote tatu majibu yalirudi yakisema kiwango ni cha kawaida, dozi inatosha. Karatasi ya mwisho niliikunja nikaitia mfukoni, na tangu siku ile ikawa silaha yangu. Akisema amechoka, naitoa. Mama yake, Bi Ahlam, akinipigia simu kusema mtoto wake si yule anayemjua, namsomea majibu neno kwa neno. Nilijiona mtu wa haki kabisa, maana nilikuwa nimegharamia vipimo na vipimo vimesema.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa na makochi ya bibi harusi wa Sinza, seti nzima, na Wahiba alikuwa ameahidi vitambaa kwa wiki tatu. Nilifika nyumbani saa nne na gari la kupakia likiwa nje. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, ameegemea cherehani, amelala na sindano mkononi. Foronya nne kati ya saba zilikuwa zimeshonwa upande wa ndani ukiwa nje. Mwenye harusi alikuwa nyuma yangu, akaona kila kitu, akaondoka bila kuaga, na seti ile akaenda kuinunua kwingine.

Nilimwamsha, na nikamwacha palepale. Nilisema, "Wahiba, nimekuacha talaka moja."

Hakulia. Alinitazama muda mrefu, kana kwamba maneno yalikuwa bado yako njiani. Halafu akaniomba nimzimie feni, kwa sababu alikuwa anahisi baridi. Sikuizima.

Sheria inataka mke akae eda nyumbani kwa mumewe, wawe chini ya paa moja, pengine hasira itashuka. Kwetu hatufanyi hivyo. Mwanamke akishapewa talaka anabeba begi siku ileile, na mume hataki hata jirani amwone akimsindikiza. Wahiba akarudi Kinondoni kwa mama yake.

Ukweli ni kwamba sikukusudia kumwacha moja kwa moja. Talaka moja ni rejea. Mume akisema neno la kumrudisha mkewe kabla ya eda kwisha, wanaendelea na ndoa yao, hakuna mahari mapya wala kuulizana. Nilikuwa nimepanga nimwache akae, apate adabu, kisha nimrudie katika wiki ya mwisho. Eda ya talaka ni miezi mitatu, hivyo ndivyo nilivyosikia watu wakisema barazani tangu utotoni, kama nilivyosikia kwamba ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Nikachukua penseli ya kazi nikaanza kuchora mistari kwenye ukuta wa karakana, nyuma ya mashine ya randa, mstari mmoja kila asubuhi. Nikiuona ukuta ule roho inatulia. Nyumba ilikuwa imenishinda, nalala na njaa, nazungumza na redio, na bado nilikuwa mkaidi. Nilijiambia sina haraka, siku ninazo.

Mstari ulikuwa wa sitini na nne alipokuja mteja mmoja anayeitwa Dokta Sekela, mama wa makamo anayekaa Madale na anayefundisha wanafunzi wa udaktari. Alikuwa ameagiza kabati la vitabu. Wakati nampulizia vanishi milango, akaniuliza kwa nini siku hizi makochi yangu hayana vitambaa vizuri kama zamani. Nikaanza kumchekesha. Nikamsimulia habari za mke aliyevaa sweta Januari, aliyelala juu ya cherehani, na hospitali inasema mzima. Nilitegemea acheke. Hakucheka, akauliza kama aliwahi kukatwa tezi ya shingo.

Nilipomjibu, akavuta stuli akakaa. Akaniuliza nadhani kile kidonge kinafanya nini. Nikasema kinaingia kwenye damu kinafanya kazi ya tezi, basi. Akasema homoni iliyomo ina chembe nne za madini joto, hayohayo yanayotiwa kwenye chumvi, na ikiwa na chembe zote nne bado ni kama haijaanza kazi. Inasafiri na damu hadi kwenye seli, na ndani ya seli kuna kimeng'enya kinachonyofoa chembe moja ya upande wa nje. Zikibaki tatu ndipo homoni inaamka, mwili unapata joto na akili inachangamka. Kuna kimeng'enya kingine kinachonyofoa chembe ya upande wa ndani, na kikishapita hicho, homoni imekufa. Kila seli ina namna yake ya kupima iamshe kiasi gani na iue kiasi gani, ya moyo kwa haja yake na ya ngozi kwa haja yake.

"Fundi, mbao zikishushwa hapo nje, mteja anaweza kuzikalia?" akaniuliza.

Nikasema hapana, mpaka zipigwe randa.

"Basi kile kipimo kinatazama mbao barabarani. Humu ndani hakijaingia."

Akaendelea kunieleza kwamba kipimo wanachokitegemea zaidi kinapima ujumbe unaotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na hiyo inajua kuiamsha homoni vizuri kuliko sehemu nyingine za mwili. Yenyewe ikishiba inanyamaza, majibu yanatoka safi, huku misuli na ini pengine bado vina njaa. Tezi ya shingo nayo ilikuwa inatoa kidogo cha homoni iliyokwisha kuamka, na hicho kilikwenda na kisu. Kuna watu wanazaliwa na kimeng'enya dhaifu wala hawajui, hadi tezi inapoondolewa. Alinitahadharisha kwamba hawezi kumsemea mgonjwa ambaye hajamwona, na kwamba hata madaktari wenyewe bado wanabishana. Lakini watu wa namna hiyo wapo, na yako mambo ya kujaribu. Akaandika jina na namba ya daktari wa homoni kwenye kipande cha karatasi, akasema nimpeleke.

Alipoondoka niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilikumbuka feni. Nikatazama ukuta, nikahesabu, nikamshukuru Mungu kwamba zimebaki siku ishirini na sita.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Kinondoni nimevaa kanzu. Bi Ahlam alinifungulia, nikampa shikamoo, akaniitikia na kunikaribisha sebuleni. Aliniwashia feni kwa kuwa mimi ni mgeni, akaleta kahawa. Nikamwambia nimekuja kumrudia mke wangu. Nikamweleza na habari ya daktari, nikakiri kwamba nilikosa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, "Twaha mwanangu, umechelewa. Eda imekwisha."

Nikamwambia haiwezekani, leo ni siku ya sitini na tano, miezi mitatu bado. Akanitazama kwa huruma iliyoniumiza kuliko matusi. Akasema miezi mitatu ni ya mwanamke asiyepata siku zake. Mwenye kupata siku zake eda yake ni hizo, tatu, na Wahiba ameshaingia ya tatu na ameshatoka, leo siku ya kumi na tatu. Shehe wameshamuuliza.

Wahiba akatokea kwenye pazia. Alikuwa na sweta lilelile la kijivu. Uso umevimba, nyusi zimepungua pembeni, na alikuja polepole akiuegemea ukuta. Nilisimama. Alikaa mbali, karibu na mama yake.

"Tangu nikatwe zinanijia kila baada ya siku ishirini na mbili," akasema kwa ile sauti nzito. "Nilikwambia. Ukasema hayo si yako."

Nilipiga hesabu palepale. Kama angekuwa amekaa eda nyumbani kwangu ningejua. Nilikuwa nimekosa kwa siku kumi na tatu, siku ambazo nilizipitisha nikichora mistari ukutani na kujisifu kwamba najua kungoja. Nikamwambia basi tuoane upya, ataje mahari anayotaka. Nikamwambia kwamba nampenda, jambo ambalo sikuwa nimelisema tangu mwaka wa kwanza, na machozi yakanitoka mbele ya mkwe.

Wahiba alichukua muda, kama kawaida yake ya siku hizi. Safari hii nilisubiri.

"Hapana, Twaha. Ungekuja mapema ungesema neno moja tu, ningerudi nikitaka nisitake. Kila mtu akibisha hodi moyo unanipasuka, nasema ni wewe. Nikawa namwomba Mungu damu iwahi. Ikawahi." Akapumzika kidogo. "Huo ugonjwa uliosema sina ndio ulionitoa kwako."

Bi Ahlam aliinamisha kichwa. Nikatoa mfukoni kile kipande cha karatasi cha Dokta Sekela, nikakiweka mezani kando ya kikombe. Kwenye mfuko uleule nikaigusa ile karatasi nyingine, ya majibu, bado nilikuwa natembea nayo. Wahiba akanyoosha mkono akachukua namba ya daktari, akaisoma polepole tarakimu kwa tarakimu, akampa mama yake aitunze. Kwangu hakutazama tena. Alikuwa amejikunja kwenye kochi na ameingiza mikono ndani ya sweta, na nilitambua kwamba kochi lile nililitengeneza mimi na kitambaa alikishona yeye, mwaka tuliooana.

Swichi ilikuwa karibu na mlango. Nikazima feni, nikavaa viatu, nikatoka.